Uso wa Chini wa Ngoma ya Bati

Maganga aliteremka kwenye lori la pamba pale Isaka akiwa amekumbatia gunia kifuani, akauliza nyumba ya fundi dufu. Watu wakamwelekeza nyuma ya stesheni, kwa Bi Mwamvua. Alipofika akadhani wamemkosesha njia, maana alimkuta mwanamke wa makamo amekaa kwenye mkeka, kanga mbili mwilini, anakwangua manyoya ya ngozi ya mbuzi kwa kipande cha chupa.

"Shikamoo mama. Namtafuta fundi."

"Marahaba. Umeshamwona. Kaa."

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na moja. Bi Mwamvua alikuwa binti wa mzee Akida, mtu wa Bagamoyo aliyekuja bara na kazi za reli akabaki hukohuko. Mzee huyo ndiye aliyewamba madufu yote ya maulidi kuanzia Tabora mpaka Shinyanga mjini. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na hakuona sababu ya kuingia kaburini na ufundi wake, kwa hiyo akamfundisha binti. Tangu afariki, aliyetaka dufu lake lilie alikuja kwenye mkeka huu.

Maganga akafungua gunia, akatoa ngoma ambayo Bi Mwamvua hakuwahi kuishika maishani. Ilikuwa ngoma fupi, kimo chake hakifiki shibiri, na mwili wake wote ulikuwa chuma cheupe kinachong'aa. Pembeni ilikuwa na pete za kushikia ngozi na nati za kukazia, juu na chini. Uso wa juu ulikuwa umechanika, wa chini haukuwapo kabisa. Upande ule wa chini zilining'inia nyuzi za waya uliosokotwa, nyembamba kama mvi, zimepangwa sambamba kutoka ukingo hadi ukingo.

"Ya mjomba wangu," Maganga akasema. "Alipigana Burma. Alipokufa, mama akawa anahifadhia humo mbegu za choroko mpaka uso ukachanika."

"Na wewe unataka nini?"

Maganga akavuta pumzi. Alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na saba, kiongozi wa kundi la ngoma kule Segese, na maneno yalimtoka kwa haraka, Kiswahili na Kisukuma vikisukumana mlangoni.

"Saba Saba tunacheza, mama. Sisi na kundi la Mageni. Uwanja mmoja, saa ile ile, wao huku, sisi kule. Hakuna jaji. Watu ndio jaji. Ngoma inayowavuta ndiyo imeshinda. Mwaka jana mpaka jua linazama nilibaki na mke wangu na shemeji yangu. Na shemeji alikuwa amelala."

Bi Mwamvua akacheka mpaka chupa ikamtoka mkononi. "Huyo Mageni ana nini?"

"Ana chatu."

"Chatu?"

"Chatu mzima! Kutoka hapa mpaka kwenye mtungi wako ule. Anamtoa sandukuni, anajivika shingoni, anacheza naye. Watu wote wanakimbilia kwake. Ngoma zangu nzuri, mama, lakini ngoma zake nazo ni nzuri, na juu yake ana chatu. Nimefikiri, nikakumbuka hii. Hakuna mwenye ngoma ya bati kule kwetu."

Bi Mwamvua akaiinua ngoma, akaigonga ubavuni kwa kifundo cha kidole. Chuma kikalia, kikaendelea kulia, ngiiii, mpaka kuku waliokuwa wakidonoa uani wakainua vichwa. Akaigonga tena. Alikuwa amefanya kazi na mti maisha yake yote, na mti ukiugonga hujibu mara moja ukanyamaza. Hiki hakikutaka kunyamaza. Vidole vilianza kumwasha, kama vilivyomwasha alipokuwa msichana, siku baba yake alipomwachia ngozi yake ya kwanza.

"Niachie," akasema. "Kesho kutwa uje."

Alianza na ngozi ya ng'ombe, akiamini chuma kigumu kinataka ngozi ngumu. Aliiloweka, akaizungushia kwenye pete, akakaza nati juu na chini kwa spana aliyoazima kwa mafundi wa reli, akaiacha ikauke. Maganga alipokuja alikuwa na vijiti vyake viwili vya mpingo. Akapiga.

Wakatazamana.

"Kama mtu anapiga robota la pamba," Maganga akasema kwa unyonge.

"Sema tu ni mbaya. Mimi sina moyo wa kuvunjika." Bi Mwamvua alikuwa tayari anafungua nati. "Ng'ombe mzito. Ameikalia sauti. Tumwombe mbuzi."

Ngozi ya mbuzi, juu na chini, ilikuwa mambo mengine. Sauti ilitoka kavu, yenye joto, na Maganga akaanza kuchezesha mabega. Lakini Bi Mwamvua alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kitu ambacho hakikuwapo.

"Piga polepole," akasema. "Kwa ncha tu."

Maganga akapiga polepole.

"Umesikia? Ukipiga kwa nguvu, zile waya zinaongea. Ukipiga polepole zimelala. Ngoma ya namna hii haikuwekewa waya ili zilale."

Akaigeuza ngoma chini juu, akazisogeza nyuzi kando, akachota mchanga kiganjani, akaunyunyiza juu ya ule uso wa chini. Kisha akamwambia Maganga alale chini, ainue ngoma kidogo na kugonga uso wa juu kwa kidole akiwa chini yake. Maganga akalala kwenye mkeka na shati lake la safari, akagonga. Chembe za mchanga zikajitikisa kidogo, kama mtu anayekataa kuamshwa, zikatulia.

"Hapo ndipo penye ugonjwa!" Bi Mwamvua akapiga makofi. "Siku zote hizi nashughulika na uso unaopigwa. Huu wa chini haupigwi na mtu, kazi yake kusikia tu. Lazima uwe mwepesi mno, Maganga. Mwepesi kuliko ngozi yoyote niliyonayo."

Akajaribu ngozi ya mwanambuzi. Mchanga uliruka, lakini kidogo. Akaikwangua ngozi hiyo mpaka mkono ukaonekana kwa upande wa pili. Ikapasuka wakati wa kukaza. Siku tano zilikuwa zimebaki. Maganga alikuwa haondoki tena kwenye ule ua, na Bi Mwamvua alikuwa hali chakula mpaka akumbushwe. Lakini hakukuwa na huzuni yoyote. Walikuwa kama watu waliomwona sungura akiingia shimoni na sasa wanachimba.

Siku ya nne kabla ya Saba Saba, asubuhi, walikwenda kunywa chai kwa Pantaleo. Huyo alikuwa Mngoni wa Songea, aliyetafuta dhahabu Geita kwa miaka mingi bila kuipata, akaishia kufungua kibanda cha chai kando ya reli. Walikuwa wamekaa kwenye benchi, Maganga anapuliza kikombe chake, wakati treni ya mizigo ilipoanza kukaribia kutoka upande wa Tabora. Ilikuwa bado mbali. Benchi halijatikisika, vikombe havijatikisika. Lakini juu ya kichwa cha Bi Mwamvua kitu kilianza kuimba. Zzzzrrr.

Akageuka. Dirisha la kibanda halikuwa na kioo. Pantaleo alikuwa amepigilia pale karatasi nyeusi ya plastiki, ngumu na nyembamba, na mwanga wa asubuhi ulipopita ndani yake zilionekana mbavu za mtu, nyeupe, zimejipanga.

"Pantaleo! Nini hii?"

"Hiyo? Ni mimi." Pantaleo akatoka na birika mkononi, uso umemchangamka. "Nilianguka na baiskeli kule Geita, nina gunia la mchele nyuma. Wakanipiga picha ya eksirei hospitali, nikapewa niondoke nayo. Ona, ule wa tatu kutoka chini, umevunjika. Umeshaunga sasa."

Treni ikazidi kukaribia, na mbavu za Pantaleo zikazidi kuimba. Bi Mwamvua aliweka kiganja chake pale, akahisi mtetemo ukimpanda mpaka kiwikoni. Treni ilikuwa haijafika hata kwenye ishara.

"Nipe," akasema.

"Nikupe mbavu zangu?"

"Nitakuletea kipande cha kitambaa cha amerikani uweke dirishani. Nipe, ndugu yangu, nakuomba."

Pantaleo akamtazama yeye, akamtazama Maganga, akaona nyuso zao, akaweka birika chini. "Nitakupa kwa sharti moja. Zinapokwenda mbavu zangu, na mimi nakwenda."

Waliing'oa misumari palepale, chai ikapoa.

Karatasi ile haikuwa ngozi. Haikulowekwa ikalainika, haikuvutika. Bi Mwamvua aliikata duara pana kuliko pete, akachanja ukingo wake vipande vidogovidogo kwa wembe, akavikunja kimoja kimoja kuizunguka pete, akavibandika kwa solusheni ile ya kuzibia matairi ya baiskeli, kisha akashona juu yake kwa uzi wa viatu. Kazi hiyo ilimchukua mchana kutwa. Alipomaliza, uso wa juu ukiwa mbuzi na wa chini mbavu za Pantaleo, akakaza wa chini zaidi kidogo kuliko wa juu, akarudisha nyuzi mahali pake.

"Gusa," akamwambia Maganga. "Usipige. Gusa."

Maganga akagusa kwa ncha ya kijiti. Waya zikajibu: tss. Akagusa tena. Tss. Akashusha vijiti viwili kwa zamu, taratibu, kisha haraka, na sauti ikatiririka bila kukatika, laini na kali kwa pamoja, ikajaa ua mzima. Jirani akachungulia juu ya ukuta. Maganga akaacha kupiga, akasimama, akazunguka ua mara mbili huku ameshika kichwa, akarudi akapiga tena.

"Wabeja, mama! Wabeja sana!" akashukuru kwa Kisukuma.

"Zinalia!" Pantaleo alikuwa akipiga kelele. "Mbavu zangu hizo zinazolia!"

Kesho yake wote watatu wakapanda lori kuelekea Segese kupitia Kahama. Bi Mwamvua aliaga majirani kwamba anakwenda kuangalia kazi yake, na kweli hakuwa na sababu nyingine, ila hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahia safari namna ile. Alikaa mbele na dereva, ngoma magotini. Wale wengine walikuwa nyuma juu ya magunia, wakiimba.

Segese walifanya mazoezi uwanjani, siku moja kabla ya sikukuu. Kundi la Maganga lilikuwa watu kumi na wanne, wanaume kwa wanawake, wenye njuga miguuni na ngoma kubwa tatu za mti. Walipoisikia ngoma ya bati mara ya kwanza, wanawake walipiga vigelegele kabla hata hawajaambiwa wacheze. Walicheza saa nzima. Jua lilipanda, hakuna wingu, hakuna upepo, na chuma kikawa cha moto mpaka Maganga akakifunga kitambaa. Bi Mwamvua ndiye aliyesikia kwanza kwamba sauti inapanda, inakuwa nyembamba, inabana.

"Maganga, acha! Iweke kivulini!"

Hakuwahi. Ngozi ya mbuzi ililia mlio mmoja kama bunduki na kupasuka toka ukingo hadi ukingo.

Njuga zikanyamaza. Mtu mmoja akasema kwa Kisukuma kwamba ni dawa ya Mageni. Bi Mwamvua akamjibu kwa Kiswahili kwamba ni jua la Mungu, na kwamba kosa ni lake yeye, kwa kuwa dufu huota moto kidogo kabla ya kazi na yeye akasahau kwamba chuma hujiotesha chenyewe mchana kutwa. "Ngozi haitafaa," akasema. "Hata nikiwamba nyingine leo, kesho saa nane itapasuka vilevile. Nani hapa ana kitu kisichojua jua?"

Wakafikiri. Mke wa Maganga ndiye aliyekumbuka bendi ya shule. Wakaenda mbio kwa Mwalimu Gregory aliyeisimamia, wakamkuta anamwagilia mchicha. Mwalimu aliwasikiliza, akaingia ofisini, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye gazeti: uso wa ngoma wa plastiki, mpya, mweupe kama sahani, na pete yake ya chuma.

"Nilikuwa nimeuweka akiba," akasema. "Mnirudishie shule ikifunguliwa. Utaenea?"

Bi Mwamvua akapima kwa ukindu aliokuwa ameukata kule Isaka siku alipopima ngoma. Ukaenea sawasawa.

Walipouweka na kuukaza, Maganga alipiga mara moja tu, na wote wakaziba masikio. Ngaaang! Ilikuwa kengele ya shule. Mbuzi alikuwa akikipooza kile chuma. Plastiki iliungana nacho wakapiga kelele pamoja, na chini ya kelele ile waya hazikusikika. Maganga akakaa chini.

"Usikae," Bi Mwamvua akamwambia. Alikuwa akitabasamu, na Maganga akashangaa. "Juzi tulikuwa na sauti ndogo tukaitafuta. Leo tunayo nyingi mno. Kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Piga, halafu mimi niweke kidole."

Akaweka kidole karibu na ukingo. Kengele ikapungua. Akaweka viganja viwili, sauti ikafa. Akarudi kwenye kidole kimoja. Kisha akachukua pindo la kanga yake, akalichana bila kulifikiria mara mbili. Wanawake wakasema "Aah!" maana ilikuwa kanga nzuri. Kipande cha kwanza, upana wa kiganja, kilizima kila kitu. Akakipunguza. Vidole vitatu: karibu. Vidole viwili: akafungua nati tena, akakivuta kikapita chini ya plastiki kwa ndani, kando kidogo ya katikati, kikikaribia kugusa tu, akakaza.

"Haya."

Maganga akapiga.

Sauti ilikuwa na ukali wa chuma lakini ilikatwa safi, kila pigo na mahali pake, na chini yake mbavu za Pantaleo zilikuwa zikichemka kama mafuta kwenye kikaango. Ilikuwa nzuri kuliko ya mbuzi. Bi Mwamvua alilijua hilo mara moja, na kama kuna kitu kilimuuma kwa ajili ya ngozi zake, kilimuuma kwa muda wa pigo moja tu. Alikuwa tayari anamwambia apige tena.

Siku ya Saba Saba, hotuba zilipokwisha, uwanja ukagawanyika. Watu walikuwa mamia, wametoka vijijini kwa miguu na baiskeli. Maganga alianza vizuri; nusu ya watu, pengine zaidi, walikuwa upande wake, wakiinyooshea vidole ile ngoma inayong'aa. Kisha kule ng'ambo ukelele mkubwa ukatoka, na Bi Mwamvua akamwona Mageni, jitu refu lenye manyoya ya mbuni kichwani, akiinua kitu kizito kutoka sandukuni. Watu wakaanza kukimbia. Walikimbia kina mama na watoto mgongoni, walikimbia wazee. Baada ya muda wa kumeza mate, mbele ya Maganga walibaki watu wapatao ishirini.

Maganga akawa anapiga kwa nguvu zaidi, na ngoma kubwa tatu zikamfuata kwa nguvu zaidi, na njuga, na filimbi. Kelele tupu. Bi Mwamvua hakuwa mchezaji wala hakuwa na ruhusa, lakini aliingia katikati ya duara na kanga yake isiyo na pindo.

"Nyamazisheni zote!" akamwambia Maganga sikioni. "Zote, na njuga pia. Piga hiyo peke yake. Anzia chini kabisa, kama pale uani kwangu."

"Watadhani tumeshindwa!"

"Na wadhani. Piga."

Maganga akainua mkono. Kundi lake likasimama, macho yamewatoka. Upande wa pili Mageni alikuwa katikati ya wimbo, na wimbo ulipofika mahali pa kuvuta pumzi, Maganga akashusha vijiti.

Alianza kwa kugusa tu. Vijiti viwili, kwa zamu, haraka lakini vyepesi, na waya zikaamka. Ilikuwa sauti ya mbali. Akaongeza kidogo. Ikawa inakuja, inakuja kutoka upande wa nyuma ya nyumba, inapita juu ya paa moja, inafika kwenye la pili. Na Bi Mwamvua akaona jambo ambalo hakulitarajia: mzee mmoja kule ng'ambo, akiwa amewapa mgongo, akatazama juu. Kisha mwanamke aliye karibu naye. Kisha uwanja mzima wa wakulima, mwezi wa saba, mbingu haina hata unyoya wa wingu, wakainua nyuso zao kutafuta mvua.

Mageni naye akatazama juu, chatu shingoni.

"Sasa!" Bi Mwamvua akapaza sauti.

Maganga akavunja: pigo moja kali, ta! kisha jingine, na ngoma kubwa tatu zikaingia chini yake kama radi, njuga zikafuata, na wale watu wakageuka. Walicheka, kwa kuwa walijiona wamedanganywa, na walipocheka miguu ikawa imeshaanza kuja. Walikuja kwa kutembea, kisha kwa kukimbia. Vumbi likapanda. Mwalimu Gregory alikuwa anacheza na kofia mkononi. Pantaleo alikuwa amemkamata kila aliyeweza kumkamata, anajipiga ubavuni na kueleza, na hakuna aliyemwelewa. Bi Mwamvua alijikuta amesukumwa hadi ndani kabisa ya duara, mabega yake yanachezeshwa na mabega ya watu asiowajua, na hakusimama mpaka jua lilipokuwa jekundu.

Si kwamba Mageni alibaki peke yake. Watu kama hamsini walibaki na chatu wake, na yeye mwenyewe alikuja baadaye kumpa Maganga mkono, na kusema mbele ya watu kwamba leo amepigwa na mvua.

Bi Mwamvua alirudi Isaka. Haukupita mwezi, mwalimu wa muziki kutoka Mhunze akateremka stesheni na ngoma ya bati ya shule yake, uso wa chini umetoboka. Habari zilikuwa zimemfikia. Bi Mwamvua alikuwa ameshapata eksirei nyingine mbili kwa muuguzi wa Kahama, mkono na nyonga, akawamba moja kama alivyofanya mwanzo, akaweka na kitambaa cha vidole viwili, akakaza, akapiga.

Haikulia vizuri. Ngoma hii ilikuwa na mwili mrefu zaidi, na bati lake lilikuwa jembamba. Dawa ya Maganga haikuwa dawa yake.

Mwalimu akaanza kusikitika kwa safari yake ndefu. Bi Mwamvua hakumsikia. Alikuwa ameshaigeuza chini juu, anachota mchanga kiganjani, na alikuwa anacheka peke yake.

"Kaa, mwalimu," akamwambia. "Kaa kwanza. Hii ina maneno yake."